Si Stan Getz peke yake

Mhariri,

Kila kurasa zenu za burudani zinapogusia saksafoni na muziki wa Brazili, jina ni lilelile: Stan Getz, yule mpiga saksafoni wa Marekani. Sipingi ufundi wake. Ila ile albamu yake na João Gilberto, mwimbaji wa Brazili, ilirekodiwa New York mwaka 1963, naye akaendelea na maisha yake Marekani.

Mbona hamumtaji Mmarekani mwenzake, Booker Pittman, aliyehamia Brazili kabisa? Alizaliwa mwaka 1909, mjukuu wa Booker T. Washington, yule Mmarekani mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee. Mama yake, Portia, alikuwa mwalimu wa muziki Dallas. Kijana akashika klarineti na saksafoni, akavuka kwenda Ulaya mwaka 1933 na bendi ya Lucky Millinder, na kabla muongo ule haujaisha alikuwa ameshafika Brazili. Alipiga Rio, alipiga Buenos Aires, kisha pombe ikamteka na akapotelea mikoani kwa miaka. Aliporudi jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1950, hakurudi kinyonge: akawa anapiga huku mtoto wake wa kambo, Eliana Pittman, akiimba. Eliana akaja kuwa nyota kwa jina hilohilo la baba wa kambo. Mzee alifariki São Paulo mwaka 1969.

Waswahili tunajua mgeni aliyelowea ni mtu wa namna gani. Mpeni basi walau nusu ukurasa, na picha yake akiwa na saksafoni.

Msomaji wenu,
Tanga