Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mtambo wa upepo upimwe kwa umeme wake, si kwa umbo

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kuhusu kipengele kimoja tu cha rasimu ya mwongozo wa mitambo ya upepo: kile kinachotaka kila mtambo uwe na mapanga. Nakuomba ukifute, kwa maana kinaifungia nje mitambo inayotumia silinda zinazozunguka badala ya mapanga.

Mwaka 1924 mhandisi Mjerumani, Anton Flettner, alisimika silinda mbili ndefu kwenye meli Buckau mahali pa matanga. Mota zilizizungusha, upepo ukaisukuma meli, na mwaka 1926 ikavuka Atlantiki. Silinda inayozunguka huikokota hewa inayoigusa. Upande mmoja hewa hukimbia, upande wa pili huchelewa, nayo silinda husukumwa kuelekea kule hewa inakokimbia. Ndiyo nguvu inayoupinda mpira wa adhabu ukapita kando ya ukuta wa mabeki.

Nguvu hiyo inaweza kuzungusha jenereta pia. Na dhoruba ikija, fundi hupunguza tu mzunguko wa silinda, msukumo ukashuka. Mitambo mingi ya mapanga husimamishwa upepo ukifika mita 25 hivi kwa sekunde. Kwa maeneo ya vimbunga, hilo si jambo dogo.

Lakini sikuombi umwamini kila muuzaji, Mheshimiwa. Silinda zenyewe hula umeme ili zizunguke, na hukinzana sana na hewa. Hakuna umbo linaloweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaolipitia. Anayeahidi zaidi afungiwe mlango. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane, kwa hiyo namba iliyopimwa siku ya upepo mkali haikuambii lolote kuhusu mwaka mzima. Hata mtambo mkubwa wa Cap-Chat, Kanada, uliozunguka kwenye mhimili wa wima na wenye urefu wa mita 110, ulisimama mwaka 1993 kwa sababu ya beringi iliyoharibika.

Kwa hiyo badala ya kipengele hicho, andika sharti la majaribio. Utengwe uwanja wenye mita ya umeme na kipimo cha upepo, kila mtambo mpya ukae hapo miezi 12, na umeme uliotumika kuzungusha silinda utolewe kwenye hesabu kabla ya cheti kuandikwa. Matokeo yabandikwe hadharani, mazuri na mabaya.

Wako mtiifu,
Fundi wa mitambo ya umeme