Gugu karoti linasafiri na malori yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva wenzangu na wenye machimbo. Mwaka wa kumi na mbili sasa nabeba mchanga na moramu kutoka Arumeru, mara Monduli, mara Karatu.

Masika yaliyopita nilirudi kwa mteja wangu mmoja Karatu niliyempelekea mchanga mwaka jana. Pale pale nilipoumwaga pameota gugu karoti, limefika kiunoni, limejaa vile viua vyeupe kama chenga za mchele. Kwingine kote kiwanjani hapakuwa na hata mche mmoja. Mama mwenye nyumba akaniambia ng'ombe wake alilila, maziwa yakawa machungu hayanyweki. Akanionyesha na mikono yake, imejaa vipele tangu aling'oe bila glavu. Hakunilaumu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nilipofika nyumbani nikaingia chini ya gari na bisibisi, nikakwangua tope lililoganda kwenye ekseli na nyuma ya matairi. Nikalitia kwenye kopo la rangi, nikawa namwagilia. Hazikupita wiki mbili, vikachomoza vijani vimechanikachanika kama vya karoti. Miche saba, Mhariri, katika kopo moja.

Asili ya gugu hili ni upande wa Mexico, na Arusha lilionekana mwaka 2010. Mbegu yake nyeusi ni ya kama milimita 2 tu, na shina moja huweza kutoa zaidi ya mbegu 10,000. Likishaota, mwezi mmoja tu linaanza kuchanua. Tazameni lilivyoshika kingo za lami, stendi, na kila tunapomwaga mzigo. Mvua ikinyesha, maji ya mtaroni yanalishusha mashambani.

Getini mwa machimbo tunasimama kulipa ushuru. Gari linahesabiwa, risiti inakatwa, geti linafunguliwa, na hatua chache tu kutoka hapo gugu karoti limechanua juu ya mchanga tunaokuja kupakia kesho. Naomba sehemu ya ushuru huo ilipe vibarua wawili, wapewe glavu na barakoa, waling'oe kabla ya maua ardhi ikiwa bado na unyevu. Uwekwe pia mpira wa maji tuoshe matairi na chesisi kabla ya kutoka, tope liingie shimo moja ili kinachoota humo kionekane na king'olewe. Asiseme mtu kwamba tutachelewa. Foleni ya kupakia peke yake hutuchukua saa nzima.

Langu naliosha kila jioni. Jumamosi nakwenda tena Karatu, safari hii bila mzigo, nina glavu jozi mbili. Mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa, na vuli imeshaanza kunyesha kwa yule mama.

Dereva wa lori,
Usa River, Arusha