Risala ya akina mama wauza samaki Bagamoyo kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa mtaa na ndugu zetu wote mlioacha shughuli zenu, asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, karibuni sana Bagamoyo.

Mh. mgeni rasmi, mtaji wetu sisi unafia usiku. Mnada ukiisha jioni, changu na kibua waliobaki lazima walale kwenye freeza, sasa umeme ukikatika saa mbili usiku ukarudi asubuhi unakuta jicho la samaki limezama, mashavu yamegeuka kahawia, mteja wa kutoka Dar akifunua pale hata bei haulizi. Unauza kwa bei ya kutupa. Jenereta tulishatumia, petroli inakula faida yote.

Ndo maana tunataka sola, na tunasema wazi shida yetu kubwa ni betri, maana jua linazama muda uleule sisi tunapoanza kuhitaji umeme. Freeza dogo linakula kama yuniti moja kwa siku, paneli ya wati 400 kwa jua la hapa pwani siku nzuri inatoa zaidi ya hapo, ila bila pa kuutunza umeme unapotea bure mchana. Betri za risasi, zile kama za gari, ni rahisi kununua lakini ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema, yani unalipia yuniti mbili unatumia moja. Za lithiamu unatumia karibu yote na nzuri zake unazichaji maelfu ya mara, na bei yake duniani imeshuka karibu asilimia 90 tangu 2010, hii sio tena mali ya mahoteli tu.

Kuna suala la paa pia. Banda letu ni mirunda na bati chakavu, paneli ya kioo moja ina kilo 20 na zaidi. Sasa zipo paneli nyembamba, kile kinachonasa jua kinapakwa kwa unene wa maikromita chache tu (maikromita elfu moja ndo milimita moja) wakati silikoni ya kawaida inakatwa kama maikromita 150, ukanda mweusi kwenye kikokotoo cha mwanao ni wa familia hiyohiyo. Katika hizo nyembamba, za kadimi teluraidi (mchanganyiko wa kadimi na teluri) wanazotengeneza kampuni ya First Solar ya Marekani zinavumilia joto vizuri, ila ni za kioo, nzito vilevile. Zinazotufaa ni za CIGS, yani mchanganyiko wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, zinazopakwa kwenye plastiki au chuma chembamba, nyepesi, zinapinda. Kwa kawaida zinataka eneo kubwa zaidi na bei yake kwa wati iko juu, kwa hiyo sisi tunasema hela ya kwanza iende kwenye betri, paneli za kawaida tuzifunge chini kwenye fremu, za paa zitafuata.

Ombi letu Mh. mgeni rasmi, utusemee halmashauri ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, fungu la wanawake, betri ikubalike kama kitendea kazi sawa na freeza, na tupatiwe fundi wa kutupigia mahesabu kabla hatujanunua, tusiuziwe feki.

Tunaomba kuwasilisha.