Yule si farasi wa Kiarabu

Ndugu Mhariri,

Juzi ukurasa wenu wa michezo ulichapisha picha ya farasi akiruka vizuizi, na chini yake mkaandika "farasi wa Kiarabu". Tazameni paja lake la kushoto. Zile pembe pana mbili ni chapa ya Trakehner, aina ya farasi wa Kijerumani. Mimi ni saisi, mtunza farasi, nilianzia kazi hii Nairobi na sasa niko Kajjansi, na jike mmoja bandani kwetu anayo hiyohiyo. Nikimpiga brashi, vidole hugusa kovu kabla macho hayajaliona. Ni pembe za elki, mnyama wa misitu ya baridi.

Asili ya Trakehner ni Prussia Mashariki, upande wa ufalme wa zamani wa Wajerumani. Mfalme wake, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, alitaka farasi wa jeshi mwepesi na mwenye pumzi, asiyemchosha mpandaji. Mwaka 1732 akafungua shamba la Trakehnen, mahali ambapo leo ni Urusi, mkoa wa Kaliningrad. Majike wa kienyeji, wadogo lakini wagumu, ndio waliokuwa msingi. Baadaye wakaletewa madume ya Kiarabu na ya mbio ya Kiingereza. Kwa hiyo Uarabu kidogo upo, siwanyimi hilo.

Ila kinachowatenga ni daftari la ukoo. Damu ya nje haiingii ovyo: ni hao Waarabu, wa mbio wa Kiingereza na machotara wao, basi. Dume naye hazalishi mpaka apite mbele ya wakaguzi. Akiwa na mwendo mbovu, ubingwa wa baba yake haumsaidii. (Sisi hapa Uganda tunapandisha ng'ombe wa Ankole kwa ng'ombe wa Friesian, na wajukuu wao hakuna awajuaye.)

Januari 1945 wakulima wa Prussia Mashariki walilikimbia jeshi la Kisovieti. Wakawafunga farasi hawa kwenye mikokoteni, majike wengi wakiwa na mimba, wakavuka maji ya ghuba yaliyoganda barafu huku ndege zikiwashambulia. Waliofika magharibi ni wachache mno, na kwao ukoo ukafufuliwa.

Begani Trakehner hufika kama sentimita 160 hadi 170. Ni mwepesi wa kuhisi: mguu ukikutikisika tu, ameshaondoka. Wanaojifunza siwapandishi kwake.

Naomba mrekebishe. Mpiga picha wenu akitaka kuiona chapa, aje mapema; jua likianza kushuka tunamfungia jike ndani, maana visubi wanaoleta ugonjwa wa farasi huuma kuanzia machweo.

Saisi,
Kajjansi, Wakiso