Barua kwa mwanangu: nati za tairi zina kipimo

Mwanangu,

Umeniambia fundi amekufungia tairi mpya kwa mashine ya upepo "mpaka mwisho". Hilo ndilo limenifanya nikuandikie. Nati ya tairi haikazwi mpaka mwisho, inakazwa mpaka kwenye kipimo chake. Kwa Toyota Premio yako ni 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nati tano kila tairi, soketi namba 21.

Kazi ya nati ni kuivuta bolti kidogo sana, kama springi, ili rimu ibanwe kwenye uso wa habu, yaani kitovu kinachobeba tairi. Msuguano wa hapo ndio unaobeba gari. Nati ikilegea, rimu inacheza, matundu yanapanuka na bolti zinaanza kukatika. Ikizidi, bolti inavutika hadi hairudi tena, na diski ya breki inaweza kupinda. Utaona usukani unatetemeka ukikanyaga breki. Tena ukipata pancha njiani usiku, nati hizo hutazifungua kwa mkono wako.

Kwa hiyo anza na usafi. Sugua kutu kwenye uso wa habu na nyuma ya rimu kwa brashi ya waya, kwa sababu kutu ikisagika baadaye, mbano unapungua. Nyuzi za bolti ziwe kavu. Usipake oili wala grisi hata kidogo: msuguano ukipungua, 103 ileile inaivuta bolti kupita kiasi.

Zungushia nati zote kwa vidole kwanza. Ikigoma, itoe uanze upya. Usiisukume kwa spana. Nati ya Nissan inafanana na ya Toyota kwa macho, ila nafasi kati ya nyuzi zake ni milimita 1.25 na zako ni 1.5, zitakula bolti. Angalia na mdomo wa nati: rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, na rimu nyingi za dukani zinataka mdomo wa koni. Ukichanganya, nati inagusa ukingo tu na italegea.

Kaza kiasi gari likiwa juu ya jeki, kwa kuruka moja kwa mtindo wa nyota. Shusha mpaka tairi iguse chini isizunguke, kisha kaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza: mzunguko wa kwanza 60 Nm, wa pili 103. Vuta polepole, ikilia "tiki" acha, usiirudie. Soma upande sahihi wa spana, maana nyingi zina vipimo viwili, Nm na futi-pauni. Kwenye futi-pauni unaweka 76. Ukiweka 103 huko, umekaza kama 140 Nm. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza irudishe kwenye alama ya chini kabisa.

Ukiwa na wili spana tu, ya sentimita 35, mzigo wa kilo 30 kwenye ncha yake unatoa karibu 103 Nm. Ukiisimamia kwa miguu unapita mara mbili.

Sasa hizo za fundi: zilegeze moja moja, uzikaze upya kwa kipimo kabla hujaondoka Dar. Ukifika Chalinze, ziache rimu zipoe, kisha zipime tena zote ishirini.

Baba yako