Kwa wazazi mnaomtafutia mtoto mwalimu wa muziki

Wanangu wa Mjini, wa Ng'ambo na wa mashamba, na nyinyi mlioko Pemba,

Assalamu alaykum. Mmenijia wengi na suala moja: "Babu, mtoto ana miaka sita, anapenda kupiga, nimpeleke kwa nani?" Jina sikupeni, maana aliyemfaa mtoto wa jirani huenda asimfae wako. Nitakwambieni cha kumtazamia.

Msimfuate mtu kwa kuwa alikulizeni jukwaani. Wapigaji hodari nimekaa nao umri wangu wote, na baadhi yao hawana subira na mtoto hata chembe. Anampokonya fidla, anapiga mwenyewe mpaka anasahau yuko wapi, kisha anauliza, "Umeona?" Huyo mtunzeni fedha harusini, mtoto msimpe.

Ombeni kukaa pembeni somo zima. Anayekataa mzazi asikae, ageni mrudi nyumbani. Na mlango uwe wazi siku zote, hata mwalimu akiwa ami yake. Mkishakaa, angalieni anavyosahihisha. Nilimwona mmoja na mtoto wa kike, fidla ya robo begani, upinde unakwaruza vibaya. Hakumkaripia. Alimwekea fidla chini, akamwimbisha kile kipande, akampigisha makofi mizani yake. Fidla iliporudi begani, alimgusa kiwiko kwa kidole kimoja, kikashuka. Sauti ikatoka safi. Mtoto akacheka, akaomba arudie bila ya kuambiwa.

Kwenye kinanda cha umeme nina ugomvi na nyinyi kidogo. Mnakinunua kwa kuwa kinapatikana dukani na hakihitaji kukazwa nyuzi. Si kibaya. Lakini vitufe vyake, kama kilivyotoka dukani, vinapanda kwa nusu sauti, na makamu, yaani njia za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati, zina sauti zinazokaa baina ya vitufe hivyo. Fidla, udi na ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, huzitoa. Nimemsikia mwalimu akimwambia mtoto aliyeimba bayati sawasawa, kama alivyoipokea kwa bibi yake, kuwa ametoka nje ya sauti. Mtoto ndiye aliyekuwa sawa! Basi muulizeni mwalimu makamu anazijua, na mwambieni aimbe moja mbele yenu. Asiyeweza kuimba atamfundisha mtoto vidole, sikio litabaki hivyo hivyo.

Chombo kisikushughulisheni sana. Fidla zipo za robo, za nusu na za robo tatu. Mwalimu anayempa mtoto wa miaka sita fidla nzima hajamwangalia mkono. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, isubiri. Dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, na kuimba vinatosha kuanzia.

Pa kuulizia papo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza 2002 hapo Mji Mkongwe, na waliosoma pale wengine sasa wanafundisha. Ikhwani Safaa ni ya 1905, Culture Musical Club ya 1958. Wazee wa vikundi hivi vya taarabu ukiwakuta kwenye mazoezi watakwambia nani ana mkono wa watoto. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Misri akajifunze ganuni. Nyinyi kwenda Forodhani, hapo hapo Mji Mkongwe, kwa daladala mnaona mbali?

Ada pataneni mapema, kwa mwezi. Saa isigongane na chuo cha Kurani, na nusu saa kwa umri huo inatosha. Wanaosema muziki haufai kabisa, hilo ni la kila nyumba na wazee wake.

Mtoto akianza kuumwa tumbo kila siku ya somo, msimbembeleze kwa pipi. Kaeni tena pembeni muone. Ikibidi kumhamisha, nendeni wenyewe mkamuage mwalimu, mmlipe mwezi wake wote, kisha mumuulize yeye angempeleka kwa nani. Wengi hujibu kwa ukweli.

Wasalaam,
Babu yenu, mpiga fidla wa Ng'ambo