Tujengewe ngazi Menengai

Mhariri,

Jumamosi mbili zilizopita, akina mama kumi na mmoja wa kanisa letu tulishuka kreta ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano hapa Nakuru, kwenda kuomba mapangoni, kama tufanyavyo kila tukifunga. Wakati wa kurudi mwenzetu mmoja aliteleza kwenye changarawe, kifundo cha mguu kikavunjika. Tulimbeba kwa leso mbili zilizofungwa pamoja, kwa zamu, hadi kwenye pikipiki kule juu. Saa tatu nzima. Sasa yuko nyumbani, mguu umefungwa plasta, nami nimeona nishike kalamu.

Kinachoniuma ni kwamba nimeshaona mlima wa maombi ambao vikongwe wanaupanda na kushuka salama. Agosti ya 2019 nilikwenda Japani kumtembelea mwanangu wa pili, anayekimbilia timu ya kampuni moja huko Sendai. Ni mji uleule ambako marehemu Samuel Wanjiru alisomea sekondari kabla ya kutuletea dhahabu ya marathoni kutoka Beijing mwaka 2008. Siku yake ya mapumziko alinipandisha treni, mwendo wa kama saa moja, tukashuka kituo kidogo cha Yamadera. Maana yake ni hekalu la mlimani. Ukiwa palepale kituoni, ukiinua shingo unaona vijumba vimeshikilia majabali kama viota vya mbayuwayu.

Jina rasmi la hekalu hilo la Kibudha ni Risshaku-ji. Lilianzishwa mwaka 860 na mtawa Ennin, aliyewahi kuvuka bahari kwenda kusoma China. Chini kabisa kuna jumba la mbao lililojengwa upya mwaka 1356, na ndani yake inawaka taa ambayo moto wake uliletwa kutoka mlima Hiei, karibu na Kyoto. Mwaka 1571 mbabe wa vita Oda Nobunaga aliyateketeza mahekalu ya Hiei. Yalipojengwa tena, watu wa Hiei walikuja Yamadera kuomba moto wao wenyewe. Mwanangu alipokuwa akinieleza hayo nilimkumbuka marehemu mama, alivyokuwa akinituma kwa jirani alfajiri na kigae mkononi, niombe kaa moja la kuwashia jiko.

Kisha tukaanza kupanda. Ngazi ni 1,015, za mawe. Nilihesabu hadi mia mbili, nikaacha kwa sababu pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Wenyeji husema kila ngazi unayokanyaga inakuondolea tamaa moja ya dunia. Mimi tamaa iliyonitoka ni ya kufika juu, na ilinitoka mara tatu. Watu wengine hutumia kama dakika arubaini. Mimi na magoti yangu ya ualimu, miaka thelathini na mbili ya kusimama mbele ya ubao, tulikaribia saa mbili. Nyenze walikuwa wakilia mitini hadi masikio yakaziba. Mshairi Matsuo Bashō alipita hapo mwaka 1689 akatunga shairi fupi kuhusu sauti ya nyenze hao, na sanamu yake ipo hapo. Ajabu ni kwamba pamoja na kelele zote hizo, unahisi kimya.

Lakini ninachotaka wasomaji wako wakijue si nyenze. Ni mzee mmoja niliyempita katikati ya mlima akifagia majani kwa ufagio wa vijiti, ngazi baada ya ngazi, bila haraka. Tuliposhuka alikuwa amesogea ngazi kama arubaini hivi. Ngazi zinazunguka miti, hazikuikata. Penye mteremko mkali kuna pa kushika. Kila baada ya mwendo kuna pa kupumzikia. Karibu na kilele kuna hata sanduku jekundu la posta! Nilimtumia baba watoto kadi kutoka huko, ikafika S.L.P. yetu hapa Nakuru baada ya wiki tatu. Kiingilio kilikuwa yeni 300, karibu shilingi mia tatu za wakati huo, nami nililipa bila kinyongo kwa kuwa nilikuwa nimeona pesa inakokwenda.

(Kwa wanaoniuliza Mkristo alikwenda kutafuta nini kwenye hekalu la Wabudha: nilikwenda na mwanangu, na nilisali sala yangu mwenyewe huko juu.)

Menengai yetu ina kina cha karibu mita mia tano. Wanaoshuka kuomba hutoka Njoro, Subukia, hata Kisumu, na wengine hulala mapangoni siku kadhaa. Njia yenyewe ni vumbi na mawe yanayoviringika, na mvua ikinyesha usiiguse. Choo hakuna huko chini, na chupa za plastiki zimejaa vichakani. Hilo la chupa ni aibu yetu sisi waombaji, siwezi kumsingizia mtu.

Kila tukilisema jambo hili tunaambiwa tungoje mwekezaji atakayejenga hoteli ya kifahari ukingoni. Hoteli ya nini? Mgeni wa hoteli atapiga picha na kuondoka, na mama atazidi kuteleza. Machimbo ya mawe hayako mbali, na vijana wa kuchonga na kupanga wamejaa mitaani. Waanze na sehemu ile mbaya peke yake, pale tulipoanguka. Kwa makadirio yangu haizidi ngazi mia mbili. Waweke kamba au chuma cha kushika, choo, na mtu mmoja wa kufagia anayelipwa mshahara. Wakitoza kiingilio kwa ajili hiyo, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mgonjwa wetu anafunguliwa plasta mwezi ujao. Ameshatuambia tumpangie siku ya kurudi pangoni.

Mwalimu mstaafu,
Kiamunyi, Nakuru